Mgeni wa Siku ya Tatu

Kila mwanzo wa mwezi, katika maelfu ya zahanati na vituo vya afya vya Afrika Mashariki, muuguzi hufungua rejista na kuanza kuhesabu. Watoto wangapi waliletwa wakiharisha, wajawazito wangapi walihudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, chanjo ngapi za surua zilitolewa. Nchini Kenya jumla hizo hujazwa kwenye fomu kama MOH 705 na MOH 711. Nchini Tanzania hujazwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kituo kisipokuwa na kompyuta, karatasi hupelekwa wilayani au kwenye kaunti ndogo, na huko mtunza takwimu huziingiza tarakimu kwa tarakimu. Programu anayoitumia inaitwa DHIS2, na ndiyo hiyohiyo anayoitumia mwenzake wa Kampala, wa Kigali, wa Lilongwe, wa Dhaka na wa Colombo. Haikutoka dukani. Ilizaliwa kwenye utafiti wa vyuo vikuu, ikakuzwa na taasisi za nchi nyingi, na mpaka leo shina lake, yaani msimbo wake wa msingi, linatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Zaidi ya nchi 70 zinaitegemea. Zinazoweza kusema kwamba zinashiriki kulitunza shina hilo ni chache mno.

Swali la sura hii ni namna ubia wa aina hiyo unavyokua, na kwa nini kukua kwenyewe ndiko kunakouumiza. Tumelelewa na methali za ushirika. Kidole kimoja hakivunji chawa, mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo taasisi ya kumi ikijiunga na mradi wa programu ya utafiti, tunashangilia tukidhani mzigo umepata bega jingine. Ukweli wa miradi hii ni mkali zaidi. Taasisi mpya hufika na mahitaji yake mkononi: ripoti ambayo wizara yake inaidai, lugha yake, seva yake yenye matatizo yake, watumishi wake wanaohitaji kufundishwa. Mikono ya kufanya kazi huja baadaye, ikija. Naona methali inayoufaa zaidi ubia huu ni ile ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Miradi mingi ya pamoja hujaa wageni wa siku ya pili. Wamekaribishwa vizuri, wamekula, wameshukuru kwa dhati, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha jembe liko wapi wala shamba linaanzia wapi.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni tatizo la kila mali ya pamoja, na kwamba limekwisha kuchunguzwa. Ni kweli limechunguzwa. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wanavijiji, wavuvi na wakulima wa umwagiliaji wanaweza kutunza msitu au mfereji wa pamoja kwa karne nyingi bila kungoja serikali wala tajiri, mradi wana kanuni zao kuhusu nani anavuna na nani anachangia nini. Somo hilo linatufaa, ila lina mahali linapopinda. Malisho huisha ng'ombe wakizidi. Programu haiishi kwa kutumiwa. Nchi ya 71 ikiipakua, haipunguzii nchi ya kwanza hata herufi moja. Kinachoisha ni usikivu wa wale wachache wanaoijua kwa ndani. Kila ombi lazima lisomwe, kila hitilafu lazima ichunguzwe, kila kipande cha msimbo kilicholetwa na mtu wa mbali lazima kipimwe kisije kikavunja kingine. Saa za watu hao ndizo malisho yetu, na zina mwisho. Kwa hiyo kanuni za ubia wa programu hazina haja ya kumzuia mtu kutumia. Zinapaswa kueleza nani anarudisha saa alizozitumia.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Ripoti za afya hupangwa kwa mwezi, na mtu wa Nairobi au Oslo anaweza kudhani mwezi ni jambo lisilo na mjadala. Lakini Ethiopia ina kalenda yake yenye miezi 12 ya siku 30, kisha mwezi wa 13 wenye siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Nepal nayo ina kalenda ambayo miezi yake huwa na siku 29 hadi 32, na urefu wa mwezi uleule hubadilika mwaka hadi mwaka kwa kufuata mwendo wa jua, kiasi kwamba hakuna kanuni fupi ya kuukokotoa. Programu hulazimika kubeba jedwali linalotaja urefu wa kila mwezi wa kila mwaka. DHIS2 ilikubali kalenda zote mbili, na ilikuwa haki ikubali, kwa kuwa muuguzi wa Nepal hapaswi kutafsiri tarehe kichwani ndipo aandike mtoto amechanjwa lini. Sasa tazama kilichotokea nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo, kila anayegusa sehemu yoyote inayohusu muda, iwe grafu, kipindi cha ripoti au umri wa mgonjwa, lazima ajiulize kama kazi yake itasimama katika mwaka wenye miezi 13. Jedwali la Nepal lina mwisho, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kulirefusha. Ombi lilikuwa moja na lilitimizwa mara moja, ila gharama yake itarudi kila mwaka kwa muda wote programu itakaokuwa hai. Zidisha kwa nchi 70, kila moja na jambo lake la haki kama hilo, utaona kwa nini shina huelemewa hata pale ambapo hakuna aliyefanya kosa.

Kwa nini basi taasisi hazileti mikono? Jibu la haraka ni uvivu au ubinafsi, na nadhani si jibu sahihi. Watu hufanya kazi inayohesabiwa. Mwaka 2014 Taasisi ya Uendelevu wa Programu ya Uingereza iliwauliza watafiti wa vyuo vikuu 15 vikubwa vya nchi hiyo kuhusu programu wanazozitumia. Asilimia 92 walisema wanatumia programu za utafiti, na karibu 7 kati ya 10 walisema utafiti wao usingewezekana bila programu hizo. Hata hivyo kazi ya kuziandika na kuzitunza haikuwa na jina la cheo mpaka mwaka 2012, wakati kundi la waliokuwa wakiifanya lilipoamua huko Oxford kujiita wahandisi wa programu za utafiti. Ikiwa Uingereza yenye fedha zake ilichelewa kiasi hicho, tusishangae kuhusu vyuo vyetu. Mhadhiri anayetaka kupanda cheo huhesabiwa makala alizochapisha na wanafunzi aliowasimamia. Akitumia miezi mitatu kuondoa hitilafu kwenye shina la programu inayotumiwa na nchi 70, hana pa kuiandika kazi hiyo kwenye fomu. Akitumia miezi hiyo kutengeneza tawi lake mwenyewe, yaani toleo lililobadilishwa, lenye jina la chuo chake na kuandika makala kulihusu, fomu inajaa. Mfadhili naye hupenda kitu kipya kinachoweza kuzinduliwa kwa utepe na picha. Utepe haukatwi kwa ajili ya hitilafu iliyoondolewa. Hivyo kila mlango wa motisha unafunguka kuelekea kwenye tawi, na wa shina umebaki umefungwa.

Historia ya DHIS yenyewe inaonyesha jambo hili tangu mapema. Mpango wa Mifumo ya Taarifa za Afya, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake HISP, ulianza Cape Town katikati ya miaka ya 1990, wakati Afrika Kusini ilipokuwa ikijaribu kuunganisha idara za afya zilizogawanywa kwa rangi na ubaguzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Chuo Kikuu cha Cape Town na Chuo Kikuu cha Oslo walikaa na wauguzi wa wilaya na kujenga programu ndogo juu ya Microsoft Access, kwa imani iliyotoka Norway kwamba mfanyakazi ana haki ya kushiriki kubuni chombo anachofanyia kazi. Ilifaulu mpaka ikawa ya taifa zima. Ikaenda Msumbiji, India, Malawi, Tanzania na kwingineko. Kila ilikokwenda ilibadilishwa, na marekebisho ya nchi moja hayakuweza kurudi kwa nyingine bila maumivu. Ndiyo maana Oslo iliamua katikati ya miaka ya 2000 kuandika toleo jipya kabisa, linalotumika kupitia intaneti, kwa lugha ya Java. Toleo la kwanza lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala, India. Uamuzi huo wa kiufundi ulikuwa na maana, lakini pia ulichora mpaka mpya kati ya watu. Waliokuwa mafundi wa Access walijikuta wageni kwenye kazi waliyoianzisha. Afrika Kusini, mahali programu ilipozaliwa, iliendelea kwa karibu muongo mzima kutumia na kutunza toleo la zamani wakati nchi nyingine zikihamia kwenye jipya. Sehemu kubwa ya msimbo wa mwanzo wa toleo jipya iliandikwa na wanafunzi wa Oslo. Yalikuwepo majaribio ya kuugawa uandishi kati ya Norway, India, Vietnam na Ethiopia, na yalizaa matunda kiasi, lakini mvuto wa shina uliendelea kuelekea mahali palipokuwa na mishahara ya kudumu na chumba kimoja cha kukaa pamoja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kusini mwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha rekodi za wagonjwa za kielektroniki, nazo pia juu ya Access. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka kwa kasi, chombo kile kikawa kidogo. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walianza kubuni kingine, wakaungana na shirika la Partners In Health lililokuwa na tatizo hilohilo, kisha na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Ndivyo OpenMRS ilivyozaliwa, na mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret. Moyo wake ni kamusi ya dhana: kila kitu anachoweza kuandika daktari, dalili, kipimo au dawa, huwa neno ndani ya kamusi, na hospitali inaweza kuongeza maneno yake bila kugusa msimbo. Ulikuwa uamuzi wa busara sana. Lakini fikiria neno moja tu, homa. Kwa Kiswahili cha kila siku homa ni joto la mwili, ni malaria, na mara nyingine ni mafua. Hospitali mbili zikilisajili kila moja kwa maana yake, zote zinatumia programu moja, ziko kwenye ubia mmoja, na hesabu zao haziwezi kujumlishwa. Dawa ya mkanganyiko huo imekuwa kamusi ya pamoja inayoitwa CIEL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia, ambayo kwa miaka mingi imetunzwa na watu wachache mno ukilinganisha na hospitali zinazoitegemea. Hapa ndipo ninapoona ushahidi ulio wazi kuliko wote. Uhuru wa kila mshiriki kuongeza maneno ulitolewa bure. Kazi ya kuyapatanisha maneno hayo ikaachiwa yeyote mwenye moyo wa kuifanya.

OpenMRS ilitoa matawi makubwa pia. Kenya ina KenyaEMR, Uganda ina UgandaEMR, na kila moja imebeba sheria na miongozo ya matibabu ya nchi yake. Hilo si kosa; nchi lazima iwe na yake. Ugumu huja pale tawi linapokua haraka kuliko shina, kwa kuwa fedha za kupambana na UKIMWI ziliingia kwenye matawi. Wasanidi wazuri huajiriwa na mradi wa nchi, hupimwa kwa idadi ya vituo vilivyowekewa mfumo, na huahirisha kurudisha marekebisho yao kwenye shina mpaka wapate nafasi. Nafasi haipatikani. Baada ya miaka michache tawi limetofautiana na shina kiasi kwamba kupandisha toleo jipya ni mradi mzima unaohitaji bajeti yake.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba kinachohitajika ni ukali. Iko mifano ya ubia uliofanya kazi vizuri, na tukiitazama tutaona kilichouwezesha. Mwaka 2011 Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima kwenye seva moja ya mbali, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kwenda hivyo kwa mkupuo. Mtu wa takwimu wilayani alikuwa na kompyuta na modemu ya mtandao wa simu. Anajaza ukurasa wenye visanduku vingi, mtandao unakatika katikati, kazi ya asubuhi yote inapotea. Kama taarifa hiyo ingefika Oslo kwa barua, pengine ingesubiri foleni. Lakini wasanidi wa shina na watu wa Kenya walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega, na jibu likapatikana: namba zihifadhiwe kwanza ndani ya kivinjari cha kompyuta yenyewe, mtandao ukirudi ziende kwenye seva. Uwezo huo haukubaki kuwa wa Kenya. Uliingia kwenye shina, na nchi zilizofuata, ambazo nyingi zilikuwa na mtandao dhaifu vilevile, ziliukuta tayari. Kilichofanya kazi hapo ni kwamba mwenye tatizo na mwenye ruhusa ya kubadilisha shina walitazama skrini moja. Umbali uliondolewa kwa nauli za ndege na mishahara, yaani kwa gharama ambayo mtu alikubali kuilipa.

Baada ya hapo DHIS2 ilichukua njia nyingine ya kupunguza msongamano. Iliweka mlango rasmi ambao programu ndogo zinaweza kupitia kuomba na kuleta data, ili anayetaka kitu chake akijenge pembeni bila kufungua tumbo la mfumo. Kundi la HISP Tanzania, lililokulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limekuwa miongoni mwa wajenzi hodari wa programu ndogo hizo, na kadi zao za kupima utendaji wa wilaya zimetumiwa nje ya Tanzania. Wengine huona hapo ndipo tatizo lilipokwisha. Kila mtu ana kiwanja chake, shina liachwe litulie. Ninakubali nusu ya hoja hiyo. Mlango mzuri hupunguza maombi yanayogonga shina, lakini mlango wenyewe ni ahadi, na ahadi hutunzwa na mtu. Shina likibadilika, programu ndogo zinaweza kuvunjika, na kundi dogo la Dar es Salaam au Lomé likajikuta linakimbiza matoleo mapya badala ya kuwahudumia watu wake. Zamani matoleo yalitoka mara kadhaa kwa mwaka; siku hizi makubwa hutoka mara moja, na matatu ya mwisho ndiyo yanayopata matengenezo. Kupunguza kasi kulikuwa kukiri kwamba matawi pia yana saa zinazoisha.

Hoja kubwa dhidi ya yote niliyosema ni ya haki, na haistahili kujibiwa kwa sentensi mbili. Inasema hivi: unapodai kwamba kila mgeni apewe jembe, unasahau shamba ni la nani. Data ni za wagonjwa wa Kiafrika na Kiasia, wanaoziingiza ni watumishi wetu, makosa yaligunduliwa kwenye vituo vyetu, lakini anayeamua kipi kiingie kwenye shina yuko Oslo au Indianapolis. Kumwambia Mganda achangie saa zake kwenye shina asilolitawala ni kumtaka alime shamba la mwingine kwa jina la ubia. Ninaichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu historia yetu imejaa mashamba ya namna hiyo. Na ni kweli kwamba leseni huria haitoshi kuijibu. Leseni inampa kila mtu haki ya kunakili msimbo na kwenda nao, lakini haki ya kuondoka si sawa na sauti ya kukaa. Chuo chenye wasanidi wawili kikiamua kunakili DHIS2 nzima na kujitenga, ndani ya miaka miwili kitakuwa na mfumo wenye matundu ya usalama ambayo hakuna wa kuyaziba.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho, inaelekea upande wangu. Sauti katika miradi hii haipatikani kwa barua za malalamiko wala kwa kiti kwenye kamati inayokutana mara moja kwa mwaka. Hupatikana kwa kuwa na watu wanaoujua msimbo wa shina kiasi cha kuaminiwa kuubadilisha. Aliyesoma maelfu ya mistari, akapitia kazi za wenzake na kurekebisha hitilafu ngumu, maoni yake kuhusu mwelekeo wa mradi hayawezi kupuuzwa, awe Arusha au Bergen. Jembe na sauti huja pamoja. Januari 2020, kabla nchi nyingi hazijajua kirusi kipya cha korona kitafanya nini, timu ya Sri Lanka ilijenga juu ya DHIS2 njia ya kuwafuatilia wasafiri wanaoingia nchini. Oslo iliichukua kazi hiyo, ikaifanya kifurushi, na makumi ya nchi zikaitumia. Hata manispaa za Norway zilitumia DHIS2 kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Elimu ilitoka Colombo kwenda kwa wenye shina. Iliwezekana kwa kuwa Sri Lanka ilikuwa na watu wake waliobobea, waliosomeshwa kwa miaka, waliobaki. Neno la mwisho ndilo zito. Msanidi aliyeiva katika Jiji la Ho Chi Minh, Addis Ababa au Dar es Salaam huonekana haraka na kampuni za simu na benki, na chuo hakina mshahara wa kushindana nazo. Wenye shina Kaskazini wana wajibu hapa, na wajibu huo uandikwe kwenye mkataba: sehemu ya fedha za shina ilipe mishahara ya wasanidi wa shina walioko Kampala na Dar es Salaam, kwa kiwango kitakachowabakiza, na wawe na ruhusa kamili ya kuidhinisha mabadiliko.

Wapo wanaoona suluhisho ni kununua. Kampuni ichukue kazi, tulipe ada, mambo yaishe. Kwa hospitali moja tajiri huenda ikafaa. Kwa wizara yenye vituo elfu nane, ada ya kila mtumiaji ya kila mwaka ni mlima, na siku fedha zikikosekana data za taifa zinabaki nyuma ya mlango wa mtu mwingine. Zaidi ya hapo, kampuni itajenga kalenda ya Nepal ikiwa Nepal ni soko.

Hoja ya fedha ndiyo inayoniogopesha zaidi. Miradi yote miwili, DHIS2 na OpenMRS, imeishi kwa ruzuku. Norad ya Norway, Mfuko wa Dunia, Gavi, UNICEF na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, wamechangia DHIS2 kwa nyakati mbalimbali. PEPFAR hata ilijenga mfumo wake wa takwimu juu ya DHIS2. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kisha kufuta sehemu kubwa yake, ilidhihirika jinsi matawi mengi yalivyokuwa yakisimama kwa mguu mmoja. Mtu anaweza kusema wakati wa ukame kama huu si wakati wa kuzungumzia shina. Kila nchi iokoe mfumo wake kwanza. Ninaelewa hofu hiyo. Lakini serikali zikianza sasa kulipia wenyewe mifumo hii, na nyingine zimelazimika kuanza, huu ndio wakati wa kuamua fedha zinaingia wapi. Bajeti ya wizara ikilipia seva, mafunzo na modemu tu, nchi inalipia utegemezi wake. Ikitenga mishahara ya wasanidi wawili ambao nusu ya muda wao ni ya shina, inaanza kuwa na umiliki kwa vitendo.

Jembe lenyewe basi lina sura gani? Si ada ya uanachama. Ada ni rahisi kuitoa na rahisi kuisahau, na taasisi ikishalipa hujiona mteja anayedai huduma. Makubaliano ya kujiunga yataje saa: taasisi hii italeta mtu fulani kwa siku mbili za wiki, atawajibika kwa sehemu hii ya shina, iwe ni kalenda, iwe ni ukusanyaji wa data bila mtandao, iwe ni tafsiri ya Kiswahili. Mwaka wa kwanza mshiriki mpya asidaiwe kitu, maana hata mgeni hupewa siku mbili, naye anahitaji kujifunza ramani ya nyumba. Wenye nyumba nao wawajibike kumwonyesha: maelezo ya msimbo yaandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hayuko kwenye chumba cha Oslo, mijadala ifanywe kwa maandishi badala ya kwenye korido, na saa za mikutano zizunguke ili Dhaka isiwe kila mara ndiyo inayokesha. Chuo kwa upande wake kibadilishe fomu ya kupandisha vyeo, iwe na safu ya kazi ya programu yenye alama zake, na mpimaji wa nje awe mtu anayeweza kusoma msimbo. Ni karatasi moja tu, na baraza la chuo linaweza kuipitisha katika kikao kimoja. Mwaka utafika ambapo jedwali la kalenda ya Nepal litahitaji mistari mipya. Ni kazi ya saa chache kwa anayeijua, na kando ya mistari hiyo kunapaswa kuwa na jina la taasisi ambayo tayari imekubali kwamba kazi hiyo ni yake.